Niache mshahara nigombee bodi ya shule?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Voi, na nimeishi Texas na mume wangu kwa zaidi ya miaka kumi. Tuko kaskazini mwa jimbo, katika mji ambao sisi wageni tumejaa kwenye apatimenti za kando ya barabara kuu. Uraia nilishachukua na kura napiga. Kazi yangu ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya msingi ya umma, darasa la watoto wanaojifunza Kiingereza. Mshahara si wa kujivunia, ila bima ya afya ya watoto inatoka hapo, maana mume wangu anaendesha lori kwa mkataba na hana bima.

Sehemu kubwa ya kazi yangu haimo kwenye mkataba. Shule yetu ina watoto wengi wa familia zilizokimbia Kivu, huko Kongo, wengine walizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Wazazi wao Kiingereza hawana, Kiswahili wanacho, kwa hiyo likizuka lolote ofisini naitwa mimi. Mwaka jana niliitwa kwa ajili ya mtoto aliyekaa darasani muhula mzima bila kufungua mdomo, mpaka mwalimu akadhani hasikii vizuri. Nikaomba kuona faili lake. Kwenye ile fomu ya kuandikisha mtoto, panapoulizwa nyumbani mnazungumza lugha gani, mama yake alikuwa ameandika Kiingereza. Nilipomuuliza akaniambia, "Nilisikia ukiandika Kiswahili wanamtia mtoto kwa darasa la wajinga." Basi mtoto hakupewa msaada wowote wa lugha, kwa kuwa kwa makaratasi ni Mwingereza.

Sasa wilaya ya shule imetangaza kwamba bajeti ina pengo. Wanazungumzia kupunguza wasaidizi wa madarasa, kuunganisha shule mbili na kufuta basi linalopita kwenye apatimenti zetu. Nilikwenda kwenye mkutano wa bodi kwa mara ya kwanza maishani. Watu saba wamekaa mezani, na sidhani yupo aliyewahi kukanyaga mitaa yetu. Mmoja akasema wazazi wa upande ule hawajali elimu, ndiyo maana hawaonekani mikutanoni. Shangazi, mkutano ulianza saa kumi na mbili jioni, saa ileile wazazi hao wanaingia zamu ya usiku kwenye maghala! Nilirudi nyumbani ninachemka, nikamwambia mume wangu nitagombea.

Yeye anasema nimerukwa na akili. Kiti hakina mshahara, na anadai ofisini watanifukuza. Mchungaji wetu naye amekuja juu. Kanisa limefungua shule yake mwaka jana na anangoja fedha za vocha, zile ambazo jimbo linawalipia watoto wa shule binafsi. Ameniambia mbele ya wazee kwamba nikitetea shule za umma napinga kazi ya Mungu. Na kura zangu nyingi ziko kanisani humo! Akina mama wa chama chetu cha kusaidiana, kwa upande wao, wameshafungua kundi la WhatsApp la harambee, hadi dada zangu kule Voi wameahidi kutuma chochote. Na mimi mwenyewe naogopa lafudhi yangu. Nikisema "school" watoto wangu wananicheka, sembuse watu wa kule kwenye mkutano.

Kinachonisukuma ni hiki. Mwaka 2003, Kibaki alipofuta karo ya shule za msingi, mdogo wangu alikuwa nyumbani anachunga mbuzi za jirani. Januari ile alirudi darasani bila baba kuuza chochote. Leo ni mwalimu. Siwezi kusikia shule ya umma ikidharauliwa nikanyamaza. Nifanyeje?

Mama wa Watatu, Texas

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na baba watoto, kwa sababu amelipatia nusu. Kugombea hakukufukuzishi kazi. Mwajiriwa wa wilaya ana haki ya kujiingiza katika siasa kama raia mwingine, alimradi afanye kwa muda wake na kwa vitu vyake. Usiguse baruapepe ya shule wala mashine ya kudurufu ya ofisini, hata kwa karatasi moja ya kampeni, maana hilo ni kosa la kisheria. Shida inakuja ukishinda. Texas hairuhusu mtu kuwa mjumbe wa bodi na wakati huohuo kuwa mwajiriwa wa wilaya ileile, kwa kuwa utakuwa bosi wa bosi wako. Itabidi uache kazi kabla ya kuapa. Na ukishaingia, wilaya hiyo haiwezi kukuajiri tena mpaka upite mwaka mzima tangu siku uliyotoka kwenye bodi. Ujumbe wenyewe haulipwi hata senti na unadumu miaka mitatu au minne, kutegemea wilaya. Kwa hiyo mume wako akipiga hesabu ya bima ya watoto, usimwone adui.

Lakini kuna mlango ambao nyinyi wawili hamjauona. Katazo ni kwa wilaya unayoiongoza tu. Texas ina wilaya za shule zaidi ya elfu moja, na kaskazini mwa jimbo zimebanana kiasi kwamba ukivuka barabara moja unaweza kuwa umeingia nyingine. Msaidizi wa mwalimu anayezungumza Kiingereza na Kiswahili anatafutwa. Omba kazi wilaya ya jirani, yenye bima, na uhame sasa kabla ya kampeni. Ukipata, utaamkia kazini upande wa pili na jioni utakaa mezani upande unaoishi, na sheria haina neno. Usipopata, ushauri wangu ni usigombee mwaka huu. Najua hukutaka kusikia hilo. Ila watoto watatu bila bima ni mzigo ambao hasira ya mkutano mmoja haiwezi kuubeba, na kiti kitarudi tena kwenye karatasi ya kura.

Sasa mchungaji. Hapa nadhani wewe na yeye mnapigania kitu ambacho hakimo chumbani humo. Vocha haikupitishwa na bodi ya shule wala haitafutwa na bodi ya shule. Iliamuliwa Austin, kwenye bunge la jimbo, na kwa vita kweli. Novemba 2023 wabunge 21 wa Republican, wengi wao wa sehemu za mashambani ambako shule ya umma ndiyo mwajiri mkubwa wa mji, waliungana na Democrats wakaiangusha. Gavana Greg Abbott akawafuata kwenye kura za mchujo za 2024, kadhaa kati yao wakapoteza viti. Sheria ikapita, akaitia saini tarehe 3 Mei 2025: dola bilioni moja za kuanzia, takriban dola 10,000 kwa mtoto wa shule binafsi, kuanzia mwaka wa shule wa 2026–27. Fedha hizo ziko chini ya mdhibiti wa fedha wa jimbo. Hazipiti mikononi mwa wale watu saba.

Mimi vocha siipendi, nikwambie wazi. Shule binafsi inabaki na haki ya kuchagua nani iingize, na yule mtoto wako aliyekaa kimya muhula mzima si wa kwanza kuchaguliwa. Shule ya umma haina hiari hiyo. Tangu mwaka 1982, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi iliyotoka Tyler, hapohapo Texas, hairuhusiwi kumfungia mlango hata mtoto asiye na karatasi za uhamiaji. Lakini ukienda mlango kwa mlango kuomba kura huku ukilaani vocha, utakuwa unaahidi usichoweza kutoa. Mwambie mchungaji, kwa adabu na faraghani, kwamba kiti unachokitafuta hakigusi shule yake. Na umdokezee asome masharti vizuri: sheria inataka shule iwe na ithibati na iwe imefanya kazi miaka miwili mfululizo kabla ya kupokea fedha hizo. Yake ilifunguliwa mwaka jana. Pengine hasira yake imetangulia faida yake.

Akiendelea kukusema madhabahuni, mwache. Waumini wake nao wana watoto, na ningeshangaa kama wengi wa watoto hao hawapandi basi la wilaya kila asubuhi.

Basi chumbani humo mna nini? Bodi inapitisha bajeti. Inapanga kiwango cha kodi ya majengo ndani ya mipaka ya jimbo. Inamwajiri msimamizi mkuu wa wilaya na ndiyo inayomfukuza. Inaamua shule ipi ifungwe. Kwetu Kenya umezoea mwalimu anaajiriwa na TSC, tume ya walimu ya serikali, kutoka Nairobi na bodi ya shule inateuliwa, kwa hiyo ni rahisi kudharau kiti hiki kidogo cha mtaani. Huku mambo mengi yanakatwa hapohapo mtaani. Wewe peke yako, hata hivyo, huna mamlaka yoyote. Huwezi kumwamuru mwalimu mkuu hata afungue dirisha. Nguvu yako ni kura moja kati ya saba, na lolote unalolitaka linahitaji nne. Nenda ukijua unatafuta wenzako watatu.

Na hao watatu hutawapata kwa kuwaambia hawawajali watu wetu, ingawa yule aliyesema vile anastahili kuambiwa. Utawapata kwa hesabu. Sikiliza jinsi fedha za Texas zinavyotembea. Jimbo linapanga kiwango cha msingi kwa kila mwanafunzi. Kilikuwa dola 6,160 tangu 2019, na bei zote za dunia zilipopanda chenyewe kilikaa palepale hadi 2025, kikaongezwa dola 55. Hamsini na tano! Bunge liliongeza mabilioni mengine mwaka huo, nyingi zikiwa zimeshapangiwa mishahara, lakini kile kiwango cha kuendeshea shule kilisogezwa kwa bei ya viatu vya mtoto. Kwa hiyo pengo lenu la bajeti si uchoyo wa wale saba peke yao, na ukilisema hivyo hadharani watakusikiliza tofauti.

La pili ndilo silaha yako. Wilaya hailipwi kwa idadi ya walioandikishwa. Inalipwa kwa wastani wa wanaohudhuria kila siku. Basi likifutwa pale kwenye apatimenti, mama aliyetoka zamu saa moja asubuhi na gari hana atamlaza mtoto nyumbani mara mbili kwa wiki, na kila siku hiyo wilaya inapoteza. Waulize msimamizi na timu yake: mmepiga hesabu ya mahudhurio yatakayopungua, au mmepiga hesabu ya dizeli tu? Waombe tarakimu za mahudhurio ya shule yenu, za kabla na baada ya mabadiliko yoyote ya njia za basi. Ni taarifa za umma, una haki ya kuziomba kwa maandishi.

Ile fomu ya lugha ya nyumbani pia ni fedha. Mtoto anayejifunza Kiingereza akiwa kwenye programu ya lugha, jimbo linaongeza asilimia kumi ya kile kiwango cha msingi kwa ajili yake. Mama aliyeogopa akaandika Kiingereza alimnyima mtoto msaada, na wilaya nayo ikakosa zaidi ya dola 600 kwa mwaka bila mtu kujua. Wako wangapi kama yeye kwenye apatimenti zile? Wewe unaweza kukisia vizuri kuliko mtu yeyote mezani pale. Msaidizi mmoja anayezungumza Kiswahili siku ya kuandikisha wanafunzi anaweza kujilipia mshahara wake. Hayo ndiyo maneno ya kampeni yako, na hakuna mpinzani atakayeyakopa kwa sababu hakuna aliyekuwa ofisini siku ile faili lilipofunguliwa.

Kundi la harambee lifunge leo. Simaanishi kesho. Texas hairuhusu mgombea kupokea wala kutumia hata dola moja, hata ya mfukoni mwake, kabla hajawasilisha fomu ya kumteua mweka hazina wa kampeni. Unaweza kujiteua mwenyewe, lakini fomu lazima itangulie. Dada zako wa Voi wakutumie maombi tu: sheria ya nchi nzima inakataza mtu asiye raia wala mwenye grini kadi kuchangia uchaguzi wowote wa Marekani, hata wa bodi ya shule. Hata shilingi mia moja kwa M-Pesa. Wenye grini kadi wanaruhusiwa kuchangia na kubandika mabango. Noti za mkononi kutoka kwa mtu mmoja zisizidi dola 100 katika kipindi kimoja cha taarifa ya fedha za kampeni, na kikapu cha kanisa kisikuguse kabisa. Najua sisi hatujui kufanya jambo bila mchango, na mhasibu wa chama atanuna. Mpe yeye kazi ya kuandika jina na tarehe ya kila senti.

Mwingine wa kumwonya ni rafiki mwenye grini kadi atakayetaka kukusaidia kwa kupiga kura. Asithubutu. Asiye raia akipiga kura anaweza kufukuzwa nchini, na si wewe wala chama mtakaoweza kumrudisha. Na usimwahidi mtu kazi ya jikoni shuleni. Ukiwa mjumbe, sheria ya kuajiri jamaa inawafungia ndugu zako, hadi wifi na shemeji.

Kuhusu lafudhi sina mengi. Uchaguzi wa Mei huku wapiga kura wanaojitokeza ni wachache mno, mara nyingi hawafiki hata mmoja kati ya kumi walioandikishwa, na viti huamuliwa kwa tofauti ya kura mia chache au pungufu. Raia wapya wa kanisani kwenu na wa apatimenti zile, wakijiandikisha siku 30 kabla, wanaweza kutosha. Hao lafudhi yako ndiyo wanayoielewa. Watoto wakicheka, waambie wakufundishe. Wakiona umeshinda watajidai ni wao waliokufundisha.

Jambo moja la kukupunguzia ndoto. Mimi niko Houston. Juni 2023 jimbo liliichukua wilaya yetu, kubwa kuliko zote Texas, na wajumbe tuliowachagua wakakaa pembeni wakati bodi iliyoteuliwa na kamishna wa elimu ikiongoza. Oktoba 2025 kamishna huyohuyo akatangaza kufanya vivyo hivyo Fort Worth, huko upande wenu. Kabla hujagombea, soma alama ambazo jimbo limeipa kila shule ya wilaya yako kwa miaka mitano iliyopita. Shule ikipata F, alama ya chini kabisa, mara tano mfululizo, kamishna hufunga shule hiyo au huchukua bodi nzima. Hutaki kushinda kiti mwezi Mei ukaambiwa mwaka unaofuata kwamba hakina kazi.

Sasa la kufanya mwezi huu, ugombee usigombee. Texas inalazimisha bodi kumruhusu mwananchi kusema juu ya jambo lolote lililo kwenye ajenda. Mara nyingi wanatoa dakika tatu. Wengi hawajui kwamba anayezungumza kupitia mkalimani anapewa muda mara mbili, kama bodi haina vifaa vya kutafsiri papo kwa papo. Mchukue yule mama wa Kivu, au mwenzake mwenye ujasiri zaidi, mtafutie mtu wa kumwazima zamu jioni hiyo, mwandikishe jina kabla ya mkutano kuanza. Aseme kwa Kiswahili chake cha Kongo jinsi mwanawe anavyofika shuleni na kitakachotokea basi likiondoka. Wewe umtafsirie, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi yako. Dakika sita. Yule aliyesema hawajali atakuwa ameketi mbele yake. Muulize mwalimu mkuu wako kwanza, lakini ukienda baada ya saa za kazi na si kwa jina la shule, sioni kizuizi.

Maombi ya kuwania uchaguzi wa Mei yanapokelewa kuanzia katikati ya Januari hadi katikati ya Februari, kwenye ofisi ya wilaya yenyewe. Kwa kawaida hakuna ada. Unatakiwa uwe umeishi jimboni miezi 12 na ndani ya wilaya miezi sita kabla ya siku ya mwisho, na uwe mpiga kura uliyesajiliwa humo. Hayo yote unayo. Kilichobaki ni barua ya kazi kutoka wilaya ya jirani, na mazungumzo na baba watoto akishaegesha lori.